Kipuri Kitoke Wapi?

Ka. Ka. Ka.

Mti juu ya mti, kavu, halafu kimya kidogo, halafu jibu kutoka kwenye ngazi: ka, ka, ka. Mara ya kwanza niligonga mimi mwenyewe, na vijiti vilikuwa mkononi mwangu. Hiyo ya kutoka ngazini sijui aligonga nani. Nimeulizwa na pasta, nimeulizwa na daktari wa koo, nimeulizwa na marafiki zangu wote, na wote niliwajibu kwa kuwaandikia neno moja: sijui.

Najua unachofikiria. Unasema, huyu ni mtu wa katuni, amezoea kuota macho wazi. Ni kweli, mimi ni mtu wa kuota. Lakini haya sikuyaota. Yalinitokea mchana, jua linawaka, ghorofa ya tatu kule River Road, mbele ya watu waliokuwa wamekula chapati nilizopika mimi. Na kama tungekuwa tumekaa pamoja sasa hivi nisingekusimulia kwa mdomo, ingawa zamani nilikuwa mtu wa mdomo, uliza yeyote kwetu Mutuini. Soma polepole, utaona kwa nini naandika.

Wacha nianze na katuni yenyewe.

Kama ulikuwa mtoto wakati televisheni ilikuwa moja kwa ploti nzima na watoto wote wanakaa sakafuni kwa mwenye nyumba, pengine unamkumbuka Fundi Korongo. Ndege mrefu, aproni ya buluu, kibanda kando ya mto. Mlangoni palining'inia vijiti viwili. Ukiwa na kitu kilichoharibika unagonga vijiti mara tatu, yeye anakujibu kutoka ndani kwa mdomo wake, ka ka ka, halafu anatoa shingo dirishani na kusema, "Leta tuone." Kila Jumamosi jioni alikuja mnyama mmoja na kitu chake kibovu. Fundi anakigeuza, anakinusa, halafu anauliza swali lake la siku zote: "Kipuri kitoke wapi?" Sisi mtaani tunasema spea, lakini aliyeitia katuni Kiswahili alikuwa mtu wa Kiswahili cha vitabu, na hilo neno kipuri tulijifunza kwake.

Mnyama mchoyo alisema kitoke kwa jirani, na kitu chake kikazidi kuharibika. Mnyama wa roho nzuri alisema, "Kitoke kwangu." Hapo Fundi alikuwa anacheka mpaka shingo inajikunja fundo, anachomoa unyoya kwenye bawa lake mwenyewe, anauchomeka kwenye kile kitu, na kinapona. Yaani alikuwa anakupima tu roho. Hakuchukua chochote kwako.

Tafadhali ikumbuke hiyo sehemu ya kucheka.

Mama yangu aliipenda ile katuni kuliko sisi watoto. Mama ni mtu wa magharibi, Mluhya wa sauti kubwa, muuza sukuma na nyanya katika soko la Dagoretti. Wateja walimsikia kabla ya kumwona. Kanisani alisimama safu ya sauti nzito, na mwalimu wa kwaya alikuwa anamwomba apunguze ili wengine nao wasikike. Nyumbani akisonga ugali aliimba ule wimbo wa mwanzo wa Fundi Korongo, na alipofika mahali pa vijiti aligonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, ka ka ka, akanitazama mimi nijibu. Nami nilijibu. Hata nikiwa mkubwa wa kuolewa nilijibu.

Niliacha shule kidato cha pili, nikapata kazi ya kuangalia saiba moja pale Dagoretti: kufagia, kuwasha mashine, kumwonyesha mzee wa watu mahali pa kubonyeza. Siku moja hakuna mteja, nikaandika "Fundi Korongo" kwenye kompyuta nitafute picha yake. Hakukuwa na kitu. Dunia nzima, hakuna hata mstari mmoja! Niliumia, amini usiamini, kama mtu aliyeenda kutembelea nyumba ya zamani akakuta wamejenga gereji.

Nyuma yangu alikuwa Hiten, kijana wa Kihindi aliyekuwa akija kutengeneza zile mashine zikikwama. Baba yake ana duka la vitambaa River Road. Akainama juu ya bega langu.

"Wewe unamjua Fundi Korongo?"

"Namjua! Kwani na wewe?"

"Manze, miaka yote nilidhani niliota."

Basi tukaanzisha tovuti, tukaiita Kibanda cha Fundi. Hiten alishughulika na mambo ya kompyuta, mimi nikawa wa kuandika. Niliandika kipindi kimoja kimoja kama nilivyokikumbuka, kwa vidole viwili, nani alileta nini na Fundi alisema nini. Watu wakaanza kujitokeza, nesi, makanga, mama mmoja wa Kitisuru, wote wakisema lile lile: nilidhani ni mimi peke yangu. Nililia nikiwa kazini. Mteja mmoja akaniuliza kama nimefiwa.

Ndipo tukaanza mikutano. Mara moja kwa mwaka, orofani kwa baba yake Hiten, katikati ya marobota ya vitambaa. Watu wanakuja wamevaa kama wanyama wa katuni, wengine kamili, wengine masikio ya karatasi tu. Na tulikuwa na desturi zetu. Kwanza, aliyevaa kichwa cha mnyama haulizwi yeye ni nani. Unaongea naye kama huyo mnyama mpaka mwisho, pale wote wanavua vichwa pamoja na kupigiana makofi. Pili, Meza ya Fundi. Kila mtu analeta kitu kibovu, anakaa mbele ya Fundi, anaulizwa swali, anajibu. Chini ya meza kulikuwa na boksi la takataka za redio na simu, na wengi walilionyesha na kusema "kitoke hapa." Wenye kutaka shangwe walisema "kitoke kwangu," na Fundi akacheka na kuchomoa unyoya.

Fundi wetu alikuwa Oduor. Oduor ni fundi wa redio wa kweli, kwa hiyo vitu vilikuwa vinapona kweli, au basi vinaondoka na ahadi. Vazi lake alilishona mwenyewe kwa magunia na waya, mdomo wa mbao nyembamba, manyoya ya kuku kwenye mkono. Ukimwangalia kwa karibu ulimwona Oduor anatoka jasho kupitia tundu la shingo. Tulimpenda hivyo hivyo.

Sasa nikupeleke kwenye mwaka wenyewe.

Mwaka huo Mama alianguka jikoni akisonga ugali. Mwiko ulikuwa mkononi, ukavunjika chini yake. Kiharusi, walisema hospitali. Mkono ulirudi. Mguu ulirudi nusu. Sauti haikurudi. Kilichobaki ni "mm" moja tu: mm ya ndiyo, mm ya hapana, mm ya nataka maji, na macho yake yanakutazama kama mtu aliyefungiwa upande wa pili wa dirisha, anakuona, anagonga kioo, wewe husikii. Mama ambaye mwalimu wa kwaya alimwomba apunguze! Usiku nilikuwa namwimbia ule wimbo, nikifika mahali pa vijiti nagonga ukingo wa kitanda na kungoja. Alifungua mdomo. Mm. Halafu akageukia ukutani nisimwone.

Sikutaka kitu kingine duniani. Si mume, si kazi nzuri. Nilitaka nimsikie Mama akiniita.

Ule mwiko uliovunjika sikuutupa. Vipande viwili nikavisugua kwa msasa, nikavipaka mafuta, nikavifanya vijiti vya mlango wa Fundi, vya mkutano. Niliona ni kama namtia Mama katika mchezo. Na siku yenyewe nikaenda naye, maana sikuwa na wa kumwachia, na pia nilitaka acheke.

Hiten alimpokea kwenye ngazi, akamshika karibu kumbeba.

"Karibu, Mama. Keti hapa, kiti cha mheshimiwa. Ukichoka na kelele ya hawa watoto, niambie niwafukuze."

"Mm," akasema Mama, na upande mmoja wa mdomo wake ukatabasamu.

Tulikula, tukaimba, tukaonyeshana mavazi. Mimi nilikuwa Sungusungu wa Posta, na antena zangu za waya zilikuwa zinamchoma kila mtu. Tatizo lilikuwa moja, Oduor hajafika na simu yake imezimwa. Wakati wa Meza ya Fundi ukafika. Hiten akaninong'oneza, "Wewe gonga tu. Akikosa, mimi nitavaa robota." Nikapanda juu ya stuli, nikanyanyua vipande vya mwiko wa Mama.

Ka. Ka. Ka.

Halafu kutoka chini ya ngazi: ka, ka, ka.

Ukumbi ukalipuka. "Oduor huyo! Oduor, umechelewa, buda!" Lakini mimi, na hili naapa, nilisikia tofauti. Mdomo wa Oduor ulikuwa wa mbao na sauti yake ilikuwa ya mbao, kama mlango wa kabati. Hii ilikuwa sauti ya kitu kigumu na chenye uwazi ndani. Sauti ya mfupa.

Akaingia ameinama, maana mlango ulikuwa mfupi kwake. Ukumbi ukastaajabu! Vazi gani lile? Hapakuwa na gunia wala waya. Manyoya ya kijivu yalilala moja juu ya jingine kama vigae. Aproni ya buluu ilikuwa imepauka, ina madoa ya grisi. Kichwa kina upara wa waridi kama wa wale kongoti, korongo wa jalalani, wanaokaa juu ya miti ya barabara kuu. Na miguu! Myembamba kama fito, na alipotembea magoti yake yalikunjika kwenda nyuma.

"Manze," Hiten akasema, "hayo magoti ametengenezaje?"

"Amejificha mwaka mzima akishona," akasema nesi. "Zawadi ya vazi bora ni yake, tusijisumbue kupiga kura."

Unaona tulivyokuwa? Mtu mwingine yeyote Nairobi angeona kile kitu angeruka dirishani. Sisi tulipiga makofi. Tulikuwa tumejifundisha wenyewe kutouliza. Kadiri alivyotisha ndivyo tulivyomsifu.

Akakaa nyuma ya meza. Hakukaa kama mtu, alijikunja tu akawa mfupi. Kulikuwa na harufu ya mto uliofurika, matope na majani yaliyooza. Akasema, "Leta tuone." Ile sauti ya katuni kabisa, ile ya utotoni.

Hiten alikuwa wa kwanza, na redio ya baba yake. "Kipuri kitoke wapi?" "Kitoke hapa, Fundi," akapiga boksi teke. Lile ndege likaitazama redio, likaigusa kwa ncha ya mdomo, na redio ikaanza kuimba. Bila bisibisi! Kelele zilizopigwa hapo zilimfanya baba yake Hiten apande kuuliza kama tunavunja nyumba.

Akafuata Bi Nasrin, yule mama wa Kitisuru, mjane, mtu wa taratibu sana, na saa ya ukutani ya marehemu mumewe. "Kipuri kitoke wapi?" Bi Nasrin akasimama wima kama mtoto anayekariri darasani: "Kitoke kwangu." Tukasubiri kicheko. Fundi hakucheka. Alinyoosha shingo, akamgusa Bi Nasrin mkononi, akaigusa saa, na saa ikaanza kutembea, tik tak, tik tak. Bi Nasrin machozi yakamtoka.

"Amesahau kucheka," Hiten akanong'ona. "Na unyoya hajatoa."

"Amechoka," nikamwambia.

Na hapo, mpenzi msomaji, Hiten, kijana wa watu asiye na ubaya wowote, akageuka kwa Mama. "Na wewe, Mama? Keti kwa meza basi, Fundi akuangalie!"

Watu wakacheka kwa upendo. "Mama! Mama! Mama!" Mimi nikamtazama Mama nikidhani atakataa. Alikuwa ameinuka nusu kwenye kiti chake. Alikuwa anaonyesha koo lake kwa kidole, anamwonyesha yule ndege, na kusema mm, mm, mm.

Ungefanya nini? Niambie. Ningemwambia Mama ni mchezo tu, keti? Nilimshika mkono, nikamsogeza mpaka mezani, nikasimama nyuma yake. Na nikamwambia Fundi, kwa sauti yangu, ile niliyokuwa nayo, "Fundi, Mama yangu amepoteza sauti."

Akanitazama. Jicho lake lilikuwa kama tone la lami, na alipopepesa, kope lilipanda kutoka chini kwenda juu.

"Kipuri kitoke wapi?"

Nilijibu mara moja. Nilikuwa nimelijibu hilo swali tangu utotoni, nikiwa nimekaa sakafuni, kabla mnyama mwenyewe hajajibu. Nilijua ndilo jibu zuri. Nilijua atacheka.

"Kitoke kwangu."

Hakucheka.

Shingo ilikuja polepole juu ya kichwa cha Mama. Ncha ya mdomo ikanigusa hapa, chini ya kidevu, baridi kama kijiko kilicholala nje. Nilisikia kitu kikitoka. Haikuuma. Ni kama ukisahau jina la mtu ukiwa katikati ya kulitamka. Halafu shingo ikajikunja, na ncha ile ile ikamgusa Mama kooni.

"Mami," akasema Mama.

Mama huniita Mami tangu nizaliwe. Nilitaka kupiga kelele, "Mama! Ameongea!" Nikafungua mdomo. Ikatoka pumzi. Pumzi tu.

"Mami? Mami, naongea! Mungu wangu, naongea!"

Ukumbi mzima ukanigeukia mimi, wanacheka, wanapiga makofi. Unajua kwa nini? Kwa sababu ile sauti ilikuwa yangu. Si inayofanana na yangu. Yangu. Ile nyembamba kidogo, ya kupanda mwishoni, ile iliyokuwa inajibu simu ya saiba. Walidhani mimi ndiye ninayeongea bila kufungua mdomo, nimemfanya Mama mwanasesere.

"Weee! Huyu msichana ni moto!" mmoja akapiga mluzi. "Ulijifunza wapi?"

Nikatikisa kichwa. Nikashika koo. Nikafungua mdomo wazi wauone hauna kitu. Wakazidi kushangilia. Na katikati ya hizo kelele Mama aliacha kuongea ghafla, akageuka kwenye kiti, akaniangalia. Yeye alielewa kabla ya wote. Mama yako anaijua sauti yako, si ndiyo? Alishika mdomo wake kwa mikono miwili kana kwamba amekutwa ameiba.

Ndipo mlango ukafunguliwa.

"Samahanini jamani," akasema Oduor, anahema, jasho linamtiririka, kichwa cha gunia na waya amekibeba kwapani. "Nimekwama Dagoretti tangu asubuhi, simu nayo imekufa. Nani amenishikia meza?"

Kila mtu alimtazama Oduor, halafu kila mtu akatazama meza.

Nyuma ya meza hapakuwa na mtu. Dirisha lilikuwa wazi. Ni ghorofa ya tatu, nakukumbusha, na nje hakuna kibaraza. Hiten ndiye aliyeenda kuchungulia. Juu ya paa la jengo la ng'ambo alikuwa amesimama kongoti mmoja mkubwa, kama wanavyosimama siku zote mjini, mabega juu kama mzee aliyekasirika. Akamtazama Hiten. Akagonga mdomo mara tatu. Halafu akaruka, mzito, kuelekea upande wa mto.

Wengine waliteremka zile ngazi bila kuvua mavazi. Nilimwona Bi Nasrin amesimama pale pale, saa ya mumewe kifuani inatembea, anatikisa mkono wake wa kushoto na kuuweka sikioni. Saa yake ya mkono ilikuwa imesimama. Hajawahi kupata fundi wa kuiamsha. Redio ya Hiten haikuchukua kitu kwa mtu, maana yeye alionyesha boksi. Lakini baadaye tulipolifungua, vile vyuma vyote vilikuwa vimekuwa vumbi laini kama unga.

Daktari wa koo aliniangalia kwa taa, akasema koo langu ni zima, hajaona lililo zima zaidi. Akauliza kama nimepata mshtuko. Nikamwandikia: ndiyo.

Na Mama? Majuma mengi Mama alikataa kuongea. Sauti anayo, na akafunga mdomo kwa makusudi! Alidhani asipoitumia itachoka irudi kwangu. Usiku mmoja alikaa kando ya kitanda changu, akainama sikioni, akanong'ona kwa kinywa changu mwenyewe, "Mami, chukua. Mimi nimeshaongea vya kutosha maisha yangu. Chukua yako." Nikacheka ile ya pumzi. Nikamshika mashavu, nikayabana kama mtu anayemfundisha mtoto kutamka: ongea. Ongea, Mama.

Akaongea. Amerudi sokoni. Wateja wakipita wakiwa wameangalia chini husema, "Aa, leo Mama amemtuma binti?" wakiinua macho wanababaika kidogo, wananunua haraka, wanaondoka. Kanisani amehamishwa kutoka safu ya sauti nzito kwenda kwa wasichana, mwanamke wa umri ule, amesimama kati ya wanaofanya mitihani ya shule. Siku moja Hiten alipiga simu, Mama akapokea, Hiten akammwagia habari za tovuti na za msichana fulani aliyempenda kabla Mama hajapata nafasi ya kusema, "Mwanangu, mimi si yeye." Tulicheka mpaka tukalia. Halafu tukalia tu. Maana kuna jambo ambalo hakuna kati yetu anayelitaja: ile sauti ya Mama yenyewe, ile kubwa ya soko, hakuna aliyenayo. Nilimtaka aniite. Ananiita kila siku, na ninayemsikia ni mimi.

Tovuti bado ipo. Naandika mimi, na sasa naandika kuliko zamani, ndio mdomo wangu. Mikutano tunafanya, vichwa tunavaa, lakini kila aliyevaa anavua mlangoni tumwone kwanza. Meza ya Fundi tuliivunja. Nawe unayesoma, kama una kitu cha zamani unachokipenda, katuni, mchezo, maneno mliyokariri mkiwa watoto, kipende, mimi siwezi kukukataza. Lakini ukiulizwa swali na mtu ambaye humjui sura, usimpe jibu la kukariri. Mtazame. Ngoja uone kama atacheka. Na usiseme "kwangu" mpaka umehesabu vyote ulivyonavyo na kujua ni kipi uko tayari kulala bila hicho.

Mimi sijutii. Ningeulizwa tena, nadhani ningejibu vile vile. Lakini nisikudanganye kwamba sijawahi kufikiria.

Juzi alasiri Mama alikuwa nyuma ya nyumba akichuma sukuma. Mimi nilikuwa jikoni peke yangu. Kwenye rafu vilikuwa vile vipande viwili vya mwiko. Nilivishika. Nikawaza, nikigonga atakuja, na akija nitamwandikia kwa karatasi: sauti yangu.

Nikagonga. Ka.

Nikagonga tena. Ka.

Juu ya mabati kitu kizito kikahamisha mguu.

Nikasimama hivyo, mikono hewani, na nikajua swali atakaloniuliza, na nikajua kipuri kiko mahali pamoja tu duniani. Nyuma ya nyumba Mama alikuwa ameanza kuimba ule wimbo wa mwanzo, kwa ile sauti, akikata majani. Akafika mahali pa vijiti. Akangoja, kama alivyokuwa akiningoja zamani.

Sikugonga. Nilichutama, nikavitia vipande vyote viwili kwenye jiko, nikapuliza mpaka vikashika moto, nikateleka chai.